Shairi la Nne

Jumapili, 2 Novemba

Hamed na meno yake yanayoota, na wiki ya skuli inaanza leo. Nimepiga pasi sare ya Salma kwa mkono mmoja, mtoto kaning'inia begani, chai imepoa mpaka imeota ngozi. Simu juu ya friji inasoma Kichina. Kila asubuhi hivyo. Abla Lin, mwalimu wao wa Kichina, kawarikodia watoto mashairi matatu, na nyumba nzima sasa inayajua. Hata mimi. Maneno siyajui. Sauti zake tu zimeniganda, kama wimbo wa tangazo. Nikikaanga vitunguu najikuta nazifuata.

Shindano la kuyasoma kwa kichwa ni Alhamisi ya wiki ijayo, skuli kwao hapa Ghubra. Watoto watano, wote darasa la pili. Mashairi ya kale, yote ya haki na uaminifu, Abla ndiye aliyechagua. La kwanza ni la mwanzi unaopigwa na upepo na haupindi. La pili ni la maji ya mlimani yasiyokubali kuchafuka. La tatu la hakimu mzee anayerudi kwao na nguo zilezile alizokwenda nazo. Na lipo la nne. Hilo la siri. Mtoto anapanda jukwaani, anasomewa mara mbili, kisha analirudia kwa kichwa. Hapo ndipo wanapochujwa.

Atakayeshinda anapewa kombe, na anasomeshwa bure mwaka mzima.

Leo nimemsikia Neema, mmoja wa watano hao, getini akisoma la tatu. Mtoto yule hakosei hata pumzi. Si kawaida.

Jumatatu, 3 Novemba

Naandika garini, nje ya skuli. Hamed kalala kwenye kiti chake, nikizima AC ataamka.

Mama Neema kaja kuegemea dirisha langu. Mkenya, kaja Oman kufanya kazi saluni Al Khuwair. Mcheshi. "Mama Salma! Umekonda ama ni abaya ndiyo kubwa?" Nikacheka, nampenda akisema hivyo. Kisha akaniambia mambo yake. Bosi wake wa saluni ndiye aliyekuwa akimlipia Neema skuli. Bosi anafunga, anarudi kwao mwaka wa masomo ukiisha. Neema asiposhinda, anapelekwa kwa nyanya yake Nakuru. "Na mimi nibaki hapa nikipaka watu rangi ya kucha, si ndiyo?" Akacheka. Hakikuwa kicheko.

Nimemuonea huruma. Halafu Abla Lin katoka, na Mama Neema kamkimbilia, kamshika mkono, wakasimama pembeni wanaongea. Kamshika muda mrefu. Waliongea nini?

Abla Lin anatengenezwa nywele saluni ile. Nimewahi kumuona akitoka pale.

Mtu mwenye haja kubwa namna ile anaweza kufanya lolote. Sisemi kafanya. Naandika tu.

Jumatano, 5 Novemba

Nimemwambia Khalfan kuhusu Neema na Abla na saluni. Alikuwa anakula. "Mke wangu, we ungefaa polisi." Basi. Akaomba pilipili.

Sipendi nikidharauliwa nikiwa sahihi.

Leo nimewaangalia tena getini. Abla kamuinamia Neema, kamtengenezea kola. Salma wangu kasimama palepale, hakutengenezewa kitu. Salma kola yake haikuwa imepinda, ni kweli. Lakini nimeona.

Nyumbani mama mkwe, Bi Zuwena, kakaanga sambusa tangu mchana. Za Abla Lin. Abla anakaa ghorofa ya juu yetu, peke yake, na Bi Zuwena hawezi kumuona mtu anakaa peke yake akala peke yake. Kampelekea sahani siku ya mwanzo tu alipohamia. Na kamfundisha kabisa, kwa Kiarabu na vidole, kwamba kwetu sahani ya mtu hairudi tupu. Maskini Abla akarudisha vichungwa. Bi Zuwena akapeleka pilau. Zikarudi biskuti za ufuta. Akapeleka samaki wa kupaka. Likarudi kopo la chai ya majani makubwa ambayo hapa hakuna anayeinywa. Akapeleka halwa, na ubani juu. Wawili wale hakuna anayejua kuacha. Salma ndiye mpandishaji, kila siku ngazini na sahani.

Afadhali. Abla ajue kuna watu wanamthamini bila kutaka kitu kwake.

Ijumaa, 7 Novemba

Khalfan kaenda kusali. Nilikuwa namuogesha Hamed, Salma kaingia kuoga upande wa pili wa pazia. Anasoma Kichina. Mimi sisikilizi tena, kama mtu aishiye karibu na barabara asivyosikia magari.

Kisha nikasikia.

Halikuwa la mwanzi. Halikuwa la maji wala la hakimu. Matatu yale yote mwisho yanashuka, kama mtu anaweka mzigo chini. Hili mwisho linapanda. Kalisoma lote, mistari minne, bila kusita. Kalirudia.

"Salma, hilo lipi?"

Maji tu yanamwagika.

"Wimbo wa skuli, Mama."

Mwanangu hajui kusema uongo, anasema haraka mno.

Nimefua. Nimepika. Wali umeungua chini. Kichwa changu kiko palepale.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimemsuka Salma nywele. Akisukwa hawezi kukimbia. Sikupaza sauti. Nikamwambia wimbo ule mzuri, naupenda, nani kakufundisha?

"Bibi kasema siri yetu."

Mkono wangu ukasimama kwenye nywele.

Basi kanieleza yote, mtoto wa miaka saba, anahesabu vidole vya miguu yake. Akipeleka sahani juu, Abla Lin anamuweka mezani. Anampa biskuti. Anamsomea shairi, naye analirudia. Siku nyingi sasa. Tangu ile halwa. Nikamuuliza linasema nini. Anajua hata maana! Mtu mkubwa wa serikali, watu wanamjia na zawadi ili awape haki isiyokuwa yao. Anawarudisha wote. Mpaka hakuna anayekuja tena, njia ya mlangoni kwake imeota majani, naye anayatazama majani na amefurahi.

"Halafu Bibi kasema nikishinda tutapiga picha na kombe."

Nimemaliza kumsuka. Msuko mmoja umekwenda upande. Sikuurudia.

Wiki nzima namchunguza Mama Neema getini kama askari wa forodha, kumbe mzigo unapita mlangoni kwangu, ndani ya sahani zangu, unabebwa na mwanangu.

Jumapili, 9 Novemba

Nimemngoja Bi Zuwena amalize sala yake ya dhuhaa. Kaingia jikoni kukanda unga. Nikafunga mlango.

Nataka kuyaandika kama yalivyosemwa, kwa sababu kesho atasema hakusema.

"Mama, Salma anafundishwa nini huko juu?"

"Anapeleka sahani."

"Sahani inachukua muda wote ule?"

"Raya mwanangu, mimi nnapika tu. Nimemwambia mtu nipe kitu? Nnapika. Mwenyewe kaniuliza arudishe nini, vitu vyake vimekwisha, maskini. Nikamwambia usirudishe kitu, we mfundishe mtoto tu. Kosa langu liko wapi?"

"Umemwambia Salma iwe siri."

"Ala! Na wao si wanaliita shairi la siri? Mimi nimeliheshimu."

Nikashika meza. Hapo akaacha kukanda, sauti ikabadilika. Mjukuu wa dada yake kule Hail kapata kombe la kuhifadhi Kurani, na dada yake kaliweka sebuleni mpaka fundi wa maji kaoneshwa. Kila Ijumaa anasikia habari za kombe. "Na sisi hatuna watoto? Salma hana akili?"

Nikamwambia Salma ana akili, ndiyo maana inauma. Nikamueleza shairi lenyewe linasema nini, labda ataona. Kasikiliza vizuri, unga mikononi.

"Watu wanamjia mlangoni na vyakula, anawarudisha?"

"Ndiyo, Mama."

"Mpaka njia inaota majani?"

"Ndiyo."

"Wallahi huyo hana adabu. Kwetu angesemwa mpaka kaburini."

Nusura nicheke. Nimekasirika kwamba nusura nicheke.

Alijua. Hilo nimeliona machoni. Hakujua mwanzo, sahani za mwanzo zilikuwa za ukarimu, naapa kwa hilo. Lakini baadaye alijua, na akaendelea kukaanga.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimepanda juu. Nimempa Bi Zuwena mtoto bila kusema nakwenda wapi. Alijua.

Abla Lin kanifungulia, kaona uso wangu, karudi nyuma. Nyumba ndogo, viatu vimepangwa. Kwenye friji picha ya mtoto mchanga mwenye mashavu, wake, analelewa na mama yake huko kwao. Sikujua kama ana mtoto. Na juu ya meza ya jikoni mabakuli yangu, yale ya vyakula vya Bi Zuwena. Yote. Yameoshwa, yamepanguswa, yamepangwa mstari, yanangoja kutiwa kitu. Aliogopa kuyarudisha matupu.

Tulizungumza Kiingereza changu kibovu na Kiarabu chake kibovu. Kasema kwao pia zawadi hujibiwa. Kasema kila akijibu, sahani iliyofuata ilikuja kubwa zaidi. Alidhani akikataa anaivunjia heshima nyumba yetu. Vitu vikamwisha. Alichobaki nacho ni kile. Siku ya kwanza kumfundisha Salma maana ya shairi, mtu yule anavyorudisha zawadi, alijisikia ndiye anayesemwa yeye, lakini kinywa kikaendelea.

Nikamuuliza: na Neema? Umemfundisha Neema?

Akaniangalia kama nimempiga. Hapana. Saluni yeye hulipa kama watu wote, na Mama Neema siku zote humuuliza jambo moja tu, kama mtoto anakula skuli au anamwaga.

Nikamwambia alibadilishe shairi. Haiwezekani. Liko kwa waamuzi, wageni kutoka nje, mkuu wa skuli kalisoma na kuliidhinisha. Kulibadilisha lazima aseme sababu. Akisema sababu, ataondoka Oman. "Ukitaka nitasema," kaniambia. Alisimama wima kabisa. Sikumuona kama mwongo. Nilimuona kama mtu aliyechoka, na uchovu naujua.

Nimekusanya mabakuli yangu, yote, matupu, nikashuka nayo.

Bi Zuwena kaniona naingia nayo. Kayatazama ndani moja moja. Hajasema neno mpaka sasa. Katika nyumba hii hilo halijawahi kutokea, mabakuli wala kimya.

Jumanne, 11 Novemba

Kumbe Bi Zuwena kamfikia mwanawe kwanza. Khalfan kaja kutoka kazini keshajua, na keshajua kwa namna ya mama yake.

"Raya, ni watoto na mashairi. Usitufungulie mahakama."

Nikamwambia Salma hatapanda jukwaani.

Kasema kila nyumba ina mtu wake. Kasema hata yeye kazini kaingia kwa mjomba kupiga simu, na anafanya kazi vizuri, nani kadhurika? Sijui nani kadhurika. Hatukuwahi kumuuliza, kwa sababu huyo hakuingia. Nikamwambia hivyo.

Kisha akaja na lake. "Basi apande, umwambie akosee makusudi."

Nimfundishe mtoto udanganyifu wa pili wa kufunika wa kwanza! Nilimtazama. Yeye mwenyewe kaona, kawasha televisheni.

Ada ya Salma tunaiweza, alhamdulillahi. Sisi tunagombea picha. Yule mwanamke anagombea kukaa na mwanawe.

Nimefikiria pia kumwambia Mama Neema. Leo getini nusura. Alikuwa kapiga magoti kwenye lami, anamfunga Neema kamba za viatu, na huku anamsikilizisha mashairi, Kichina chake cha Nakuru, wote wawili wanacheka. Nilifungua mlango wa gari. Nikaufunga. Nikimpa lile la nne, Neema naye anakuwa kama Salma. Na wale watatu wengine je? Nitasimama getini nigawe shairi kama tende za Ramadhani?

Na kwenda kwa mkuu wa skuli? Kila nikijiambia nenda, naona picha kwenye friji. Halafu najishuku. Namhurumia Abla kweli, au naogopa jina la Bi Zuwena litajwe mbele za watu? Najishuku sana siku hizi. Nimewashuku wote, zamu yangu imefika.

Nimeamua. Salma hapandi, na mimi sisemi. Ni nusu ya haki. Nyingine sina nguvu nayo.

Jumatano, 12 Novemba

Nimemwambia garini, kabla ya kushuka. Nimesimamisha gari mbali na geti.

Nimemwambia hatapanda kesho. Akaniangalia kwenye kioo, bado anatabasamu, anangoja nimalizie mzaha.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu la nne unalijua."

"Lakini nalijua vizuri!"

"Ndiyo maana, mama'ngu. Wenzako hawalijui."

"Mimi sikuiba. Kanifundisha Abla. Kasema Bibi!"

Nikamwambia najua hakuiba. Nikamwambia hana kosa hata kidogo, kosa ni la watu wazima. Akauliza sasa kwa nini anaadhibiwa yeye. Nikamwambia si adhabu, lakini inauma kama adhabu, na mimi najua inauma, na bado hapandi. Alilia mpaka akakwama pumzi. Hamed akaamka akalia naye. Nikakaa kiti cha nyuma kati yao, mmoja huku mmoja huku, mpaka kengele ikalia. Nikamfuta uso kwa shela yangu. Kashuka bila kuniaga.

Nimeingia ofisini. Karani kauliza sababu. Nikasema sababu za nyumbani. "Kaogopa jukwaa?" Nikasema sababu za nyumbani. Kaandika kitu.

Nilipokwenda kumchukua, geti zima linajua: Salma kaogopa. Mama mmoja kaniambia binti yake pia alikuwa hivyo, mpe asali. Mama Neema kaja mbio, uso umemshuka kweli. "Ai, Salma! Usiogope, wewe! Neema alisema wewe ndiye mkali!" Kamshika kidevu. Salma kamtazama, kisha kanitazama mimi.

Hakusema. Wallahi hakusema. Miaka saba.

Alhamisi, 13 Novemba

Tumekwenda. Khalfan hakutaka, mama yake kajifungia, mimi na Salma na Hamed tumekwenda. Sikutaka mtoto ajifiche nyumbani kama mwenye hatia. Safu ya tatu, pembeni, ili Hamed akilia nitoke.

Viti vilijaa. Jukwaani wamechora mianzi kwenye karatasi. Abla Lin kasimama ukutani kavaa nguo ya buluu, mikono nyuma, rangi imemtoka. Alitafuta macho yangu. Nilimtazama tu. Sikumpa kitu, sikumnyima.

Mashairi matatu kila mtoto alisoma. Mmoja alisahau la maji, akamtafuta mama yake kwa macho. Binti mmoja wa Kiomani, Ritaj, kasoma vizuri sana, sauti ya kengele. Neema kasoma kama anavyosoma. Ukumbi ulitulia.

Kisha la nne. Wengine wakatolewa nje, wakawa wanaingia mmoja mmoja. Mwamuzi kafungua bahasha, kalisoma mara mbili. Nililijua kwa mwisho ule unaopanda. Nikahisi Salma kakazana pembeni yangu. Midomo yake ikaanza kwenda. Bila sauti, neno kwa neno. Nikamuwekea mkono gotini. Akaona mwenyewe, akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili, akakaa hivyo kwa watoto wote, mpaka mwisho.

Ritaj kapata mistari miwili. Wengine kidogo kidogo.

Neema kaingia wa mwisho. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimwangalia kwa jicho lilelile la getini. Nikasema moyoni: akilisoma lote bila kukosea, basi Abla kanidanganya, basi hakuna mtu msafi duniani, nachukua wanangu tunaondoka.

Kasoma mstari wa kwanza. Wa pili. Wa tatu akakwama. Akaangalia juu, akakunja uso. Akasema neno, akalirudisha. Mama yake kule mbele kaweka kichwa magotini. Neema akaomba aanze tena. Akaanza tena, taratibu, akafika palepale, akakosea neno jingine, akapita, akamaliza.

Sijawahi kufurahi mtoto wa mtu akikosea. Leo machozi yamenitoka. Salma kaniangalia, hakuelewa.

Neema kashinda. Walipotaja jina, Mama Neema hakupiga kelele kama nilivyotegemea. Kakaa vilevile. Mtu wa pembeni yake ndiye aliyemsimamisha.

Salma kapiga makofi. Mwanzo nilimshika mikono nikapiga naye. Baadaye nikamwachia, akaendelea mwenyewe.

Jumamosi, 15 Novemba

Upepo mzuri leo. Nimefungua madirisha yote, nimetoa mazulia.

Khalfan kanunua kamba wa mchuzi bila kuambiwa. Kakaa na mimi jikoni tukawamenya, jambo ambalo halifanyi. Mazungumzo ya mpira, na bei za matairi. Kisha, akiwa kashika kamba mkononi, kasema mjomba wake alipopiga simu kulikuwa na kijana mwengine wa Ibra aliyefanya mtihani ule ule. Basi. Hakuendelea, na mimi sikumvuta.

Bi Zuwena hanisemeshi bado. Ila kaonja mchuzi wangu, katia chumvi, kaonja tena, kaacha kijiko pale nilipo. Dada yake kapiga simu kutoka Hail, nimemsikia akijibu chumbani: hapana, hakushiriki, mama yake kaamua. Sauti kavu. Lakini hakusema kaogopa. Nilisimama ukumbini nangoja alitamke, hakulitamka.

Abla Lin hatujaonana. Nimesikia nyayo zake juu.

Alasiri nilikuwa nakunja nguo, Salma kalala tumbo juu ya rundo la mashuka. Skuli kesho. Jana mtoto mmoja wa jengo la pili kamwita mwoga, uwanjani chini. Kaniambia leo, kama vile si kitu.

"Mama. Mimi sikuogopa."

"Najua."

"Nani mwengine anajua?"

Nimefikiri. Sikutaka kumpa jibu la kumbembeleza tu. Nikamwambia Mungu anajua. Mimi najua. Na yeye mwenyewe anajua.

"Basi?"

"Basi."

Kageuka, kaangalia dari.

"Na Bibi," akasema.

"Na Bibi."

Kisha akavuta shuka kwenye rundo, akashika ncha mbili, akanipa mbili mimi, tukalikunja.